Jinsi ya Kujenga Duara Litakalozika Watu

Mwongozo huu ni wa mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, anayetaka mgodi wake utajwe kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Una hatua tisa. Hakuna hata moja niliyoitunga: zote hufanyika mchana kweupe, kuanzia Mwakitolyo na Kahama hadi Mbogwe, Bukombe na Geita, na wanaozifanya ni watu wanaowajua wachimbaji wao kwa majina, wengine hata wake zao na watoto wao. Nimeziandika kwa lugha ya maelekezo kwa makusudi. "Usifanye" tumeshaisikia mpaka masikio yamezoea. Labda ukiambiwa "fanya", ukajiona mwenyewe ndani ya maelekezo hayo, utashtuka. Chini ya kila hatua nimeweka ukweli wake, na huo ndio ninaoomba uushike.

Tukumbushane kwanza. Tarehe 11 Agosti 2025, ardhi ilititia katika mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyandolwa, Wilaya ya Shinyanga, na watu 25 wakafukiwa. Siku hiyo kazi iliyokuwa ikiendelea ilikuwa ukarabati wa maduara. Watu walikuwa wakitengeneza mahali pa kazi ili pawe salama, na matengenezo yenyewe yakageuka maafa.

Jambo hilo ndilo kiini cha maneno yangu yote. Duara ni jengo. Lina mlango, kuta, nguzo na dari, ila linajengwa kwenda chini, na mzigo wake wote umekaa juu ya vichwa vya watu. Ajali nyingi tunazoziita za uchimbaji ni ajali za ujenzi mbovu. Siku tutakapokubali hivyo, tutaanza kuuliza maswali yanayoulizwa kwenye jengo lolote: nani fundi, nani mkaguzi, nani alisema watu waingie?

Hatua ya 1: Chimba kwanza, mengine yatafuata

Rashi ikilipuka, usipoteze muda. Habari zikifika kwamba shamba la fulani limetoa dhahabu, wahi, weka alama yako, anza kupiga sururu. Jirani akifungua duara hatua chache kutoka lako, mwache. Kila mtu na riziki yake.

Ukweli ni kwamba maduara yaliyobanana hushiriki ukuta mmoja. Juu yanaonekana kama mashimo mawili. Chini, kila upande unafuata mkondo wa dhahabu, na mkondo hauheshimu mipaka ya watu. Mnatobozana gizani bila kujua, na ukuta uliokuwa ukibeba wote wawili unakuwa haupo tena. Baruti ya jirani inatikisa dari yako, na maji yake yanakuja kwako.

Hapo ndipo mfumo wetu unapovuja. Mwenye leseni ya uchimbaji mdogo ni mmoja, lakini ndani ya leseni yake kuna maduara mengi, kila moja na mwenyewe. Mwenye leseni anachukua fungu lake. Mwenye duara anachukua lake. Ukiuliza nani aliyepanga umbali kati ya shimo na shimo, kila mmoja anamtazama mwenzake. Jengo lisilo na msimamizi mmoja halina msimamizi. Mwenye leseni aite wenye maduara wote, wachore ramani, hata ya mkono kwenye karatasi ya daftari, ionyeshe kila duara limefika wapi na linaelekea wapi. Kisha aipeleke kwa afisa madini mkazi na kumwomba aje kuona.

Hatua ya 2: Bana matumizi kwenye matimba

Hela ya mafuta ya pampu ipo. Hela ya baruti ipo. Hela ya mganga wa kuja kutazama shimo na kusema linataka nini, hiyo haikosekani kamwe. Ikifika zamu ya matimba, sema biashara imekuwa ngumu, nunua miti michache, myembamba na mibichi, kisha iachanishe ili itoshe mpaka chini.

Asiyewahi kusogea mdomoni mwa duara ajue matimba ni nini. Ni magogo, mengi yake ya mkaratusi, yanayofungwa kona kwa kona kuwa fremu ya mraba, fremu juu ya fremu, kushuka na shimo. Nyuma yake hupangwa mbao au fito kuzuia udongo usimwagike ndani. Kazi nzuri unaijua kwa macho: kona zimekatwa zikaingiana, fremu ziko karibu karibu, na nyuma ya fito hakuna pengo, kwa sababu udongo ukiachiwa nafasi ya kusogea utasogea, na ukisogea unakuja kwa nguvu. Gonga gogo kwa nyundo. Mti mzima unalia sauti kavu, inayokwenda mbali. Uliooza unatoa sauti nzito iliyozibwa, na ukichomeka kisu kinazama. Ukiona utando mweupe kwenye maungio, au gogo limepinda katikati kuja ndani ya shimo, usisubiri ushauri wa mtu. Pandisha watu.

Kwa nini kazi hii inadharauliwa? Kwa sababu ya mgawo. Wachimbaji wengi hawana mshahara. Wanalipwa kwa viroba vya mawe. Siku ya kufunga matimba haina kiroba, kwa hiyo siku hiyo ni njaa. Mtu mwenye watoto nyumbani atamaliza kazi hiyo haraka, tena kwa nusu, ili arudi kwenye mwamba. Usimlaumu kabla hujabadilisha malipo. Fundi wa matimba alipwe kwa siku, dhahabu itoke isitoke, na fedha hiyo itolewe kabla ya mgawo kama inavyotolewa ya mafuta. Huyo atafanya kazi taratibu, na utaratibu wake ndio unaowarudisha watu nyumbani.

Hatua ya 3: Rundika kifusi mdomoni

Kubeba kifusi mbali ni kazi bure. Mimina hapo hapo kando ya shimo. Viroba navyo panga pembeni, na winchi iweke ukingoni kabisa.

Kila toroli la udongo unalomwaga ukingoni ni mzigo unaosukuma ukuta wa juu, sehemu ambayo aghalabu ni udongo laini, bado haujafika kwenye mwamba. Mvua ikinyesha, kifusi kinanyonya maji na uzito wake unaongezeka usiku mmoja. Dalili ya kwanza ni ufa mwembamba juu ya ardhi, umezunguka mdomo wa duara kwa umbali wa hatua moja au mbili. Watu huuruka ufa huo asubuhi na jioni, wengine huuziba kwa mguu. Ufa huo unakuambia ardhi imeshaanza kuondoka.

Wala si shida ya wachimbaji wadogo peke yao. Novemba 2022, ukingo wa bwawa la tope katika mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka na tope likafika kwenye makazi na mashamba ya vijiji jirani. Mgodi ule ni wa tangu miaka ya 1940 na una wataalamu wake. Mabaki ya mgodi ni mzigo kwa kila mtu, na mzigo hutafuta njia.

Hatua ya 4: Rudi ukachimbe nguzo

Mawe mazuri yakiisha, kumbuka kuna mengine uliyaacha yamesimama. Yana dhahabu na yako karibu. Yamege kidogo kidogo.

Mchimbaji mzoefu akipanua njia chini huacha vipande vya mwamba visimame vibebe dari. Hizo ni nguzo. Uchungu wake ni kwamba mara nyingi nguzo hizo zimepita kwenye mkondo wenyewe, hivyo zina dhahabu kama mawe mengine. Duara likianza kukauka, macho yote yanageukia huko. Anamega huyu, usiku anamega yule, na anayeingia kesho hajui nguzo ya jana ilikuwa nene kiasi gani. Dari haianguki siku ya kwanza, na hilo ndilo linalowadanganya watu.

Paka nguzo rangi. Kopo moja la rangi nyekundu linatosha, na sheria ya mgodi iwe fupi: chenye rangi hakiguswi, na atakayekigusa anatoka na harudi.

Hatua ya 5: Karabati watu wakiwa ndani

Matimba yakioza, tuma mafundi wakayabadilishe, lakini usisimamishe uzalishaji. Waache wengine waendelee kuchimba chini yao. Ng'oa fremu ya zamani kwanza ili upate nafasi ya kuweka mpya.

Hii ndiyo hatua inayoua upesi kuliko zote. Jengo bovu lililosimama lina usawa wake. Udongo umeegemea gogo lililooza, na gogo lililooza bado linasukuma kidogo. Ukiling'oa umeondoa kile kidogo kilichokuwa kimezuia yote. Saa ya matengenezo ni saa ambayo duara ni dhaifu kuliko lilivyokuwa jana yake, na ndiyo saa tunayojaza watu wengi: mafundi, wasaidizi, wabebaji, na wachimbaji wasiotaka kupoteza siku.

Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua hili kwa machozi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Wafanyabiashara wa pale walieleza kwamba kazi ya ujenzi ilikuwa ikiendelea sehemu ya chini ya jengo huku maduka ya juu yakiwa wazi na wateja wakipanda na kushuka. Kariakoo na Nyandolwa zinafanana kwa hilo: jengo linaguswa na watu wamo.

Utaratibu wa kukarabati si siri, mafundi wa zamani wanaujua. Kwanza duara linafungwa na watu wote wanapanda, bila kumbakiza hata mlinzi wa pampu. Pili, kazi inaanza juu kushuka, ili fundi awe daima chini ya sehemu aliyokwisha kuitengeneza. Tatu, fremu mpya au mhimili wa muda unawekwa kabla ya ile mbovu kutolewa, na inatolewa moja tu kwa wakati mmoja. Nne, mafundi wanaoshuka wawe wachache, kila mmoja amevaa mkanda na kamba iliyofungwa juu, na juu awepo mtu ambaye kazi yake ni kutazama na kusikiliza tu. Udongo ukianza kudondoka punje punje, au mti ukilia, anapiga filimbi na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Tano, maduara ya jirani yanasimamisha baruti mpaka kazi iishe.

Gharama yake kubwa ni siku kadhaa bila viroba.

Hatua ya 6: Puuza mvua na marufuku yake

Masika yakija, bei ya dhahabu haishuki. Afisa akifunga eneo, ngoja aondoke, kisha wahi alfajiri.

Januari 2024, huko Bariadi mkoani Simiyu, kundi la vijana liliingia kuchimba katika eneo la Ng'alita. Viongozi wa wilaya walisema shughuli zilikuwa zimezuiwa hapo kwa sababu ya mvua kubwa. Ardhi ikaporomoka. Walikufa watu 22, wenye umri kati ya miaka 24 na 38. Umri huo ni wa watu wenye watoto wadogo.

Udongo uliolowa ni mzito na haushikani. Mvua ikikatika leo, maji bado yanashuka kesho na keshokutwa kupitia nyufa, na kuta zinaendelea kulainika jua likiwaka. Kwa hiyo duara lisifunguliwe kwa kutazama anga. Lifunguliwe baada ya mtu anayejua kushuka, akakagua fremu kwa fremu, akasaini kwamba linafaa.

Hatua ya 7: Mlango mmoja unatosha

Kuchimba njia ya pili ya kutokea ni kuchimba mahali pasipo na dhahabu. Nani atalipa?

Tarehe 5 Oktoba 2015, wachimbaji sita walifukiwa Nyangalata, wilayani Kahama. Watano walitolewa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Waliishi kwa kula wadudu na vyura na kunywa maji machafu yaliyokuwa yakidondoka. Mmoja alifia huko huko. Taifa lilishangilia muujiza, na ilistahili kushangiliwa. Lakini tulipaswa pia kuuliza kwa nini maisha yao yalitegemea njia moja.

Januari 2017, Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 walinaswa katika mgodi wa RZ Union, Watanzania 14 na raia mmoja wa China. Waokoaji waliwafikishia chakula kwa bomba, na baada ya siku tatu wote wakatoka hai. Bomba lile lilibeba uhai wa watu 15. Duara lolote lenye kina linaweza kuwa na bomba la namna hiyo tangu siku ya kwanza, limefungwa ukutani kutoka juu mpaka mahali watu wanapofanyia kazi.

Tusidhani ni umaskini wetu tu. Mwaka 2010 huko Chile, wachimbaji 33 wa mgodi wa San José walikaa chini siku 69. Baada ya mwamba kuanguka walikimbilia njia ya hewa ili wapande kutoka. Walikuta ngazi haikukamilishwa. Mgodi ulikuwa na njia ya pili kwa jina, bila ngazi ya kuifanya njia.

Mkataba wa 176 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu usalama migodini, wa mwaka 1995, unataka mahali pa kazi chini ya ardhi pawe na njia mbili za kutokea kila inapowezekana. Unampa pia mchimbaji haki ya kuondoka mahali anapoona hatari kubwa kwa maisha yake. Maduara mawili yaliyo karibu yanaweza kuunganishwa kwa mpango na kwa kipimo, kila moja likawa mlango wa dharura wa mwenzake. Wachimbaji wanatobozana kwa bahati mbaya kila siku. Watobozane kwa makubaliano.

Hatua ya 8: Usiandike majina

Anayeingia aingie, anayetoka atoke. Daftari ni la ofisini.

Kule Bariadi, waokoaji waliambiwa mwanzoni kwamba waliofukiwa ni watu 19 au 20. Wakatoa miili 22. Fikiria maana yake. Kuna familia ambazo ndugu yao hakuwa hata kwenye hesabu ya wanaotafutwa. Kama si kuendelea kufukua, wangeambiwa kijana wao amesafiri.

Tundika ubao mdomoni mwa duara, wenye misumari na vibao vidogo vya majina. Anayeshuka anageuza kibao chake, anayepanda anakirudisha. Asiye na kibao haingii, hata kama ni shemeji wa bosi. Mtoto haingii kabisa.

Hatua ya 9: Sema ni kazi ya Mungu

Ajali ikishatokea, vaa sura ya huzuni, changia jeneza na mchele wa msiba, na sema siku ya mtu ikifika imefika. Wiki ya pili fungua duara lingine hatua chache pembeni.

Mimi ni mtu wa imani, na kwa sababu hiyo sikubali Mungu asingiziwe gogo lililooza. Mungu hakununua matimba membamba. Hakumwaga kifusi ukingoni wala hakumega nguzo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kulinda uhai wa anayemfanyia kazi, na wajibu huo haufutwi na rambirambi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo. Lakini mchimbaji anayelipwa kwa viroba, asiye na mkataba na asiyesajiliwa popote, anamwachia mjane wake kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba mumewe alikuwa mfanyakazi wa mtu.

Basi, maelekezo yamekwisha. Mwenye leseni, fedha ya matimba na ya fundi wake itoke kwenye fungu lako kabla ya mgawo, na ramani ya maduara yako iwe mezani mwa afisa madini wiki hii. Mwenye duara, ukianza kukarabati pandisha watu wote, hata kama mawe yanang'aa. Maafisa wa Tume ya Madini na wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, marufuku isiyo na mtu wa kuilinda alfajiri ni karatasi tu. Rudini eneo mlilofunga. Nawe mchimbaji, kabla hujashika kamba kesho, gonga gogo la kwanza kwa nyundo na usikilize. Likilia vibaya, kataa kushuka, na mwenzako akikataa, simama naye. Dhahabu ya Geita na Shinyanga imekaa ardhini miaka mingi kuliko sisi sote, na itaendelea kuwepo baada ya siku tatu za matengenezo.